Nyumba ya kupendeza kwa vitu vilivyotumika, paka na mbwa wakiwemo: mwongozo kamili

Mwenye paka ndani hana sababu ya kuingia deni kwa ajili ya kochi jipya. Kucha hazijui bei, na mbwa aliyetoka kwenye matope ya masika hapangusi miguu mlangoni. Hapo ndipo vitu vilivyotumika vinapomfaa mfugaji: havimuumizi roho vikikwaruzwa, na mara nyingi mbao zake ni imara kuliko za kitu kipya cha bei hiyohiyo, maana kipya cha bei hiyo siku hizi ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi.

Ninafuata kanuni moja, na mengine yote yanatoka humo: kigumu nunua kilichotumika, laini nunua kinachofulika. Mbao, chuma, kioo, vyungu na ukindu vilivyopita mikono ya watu ni mali. Sponji, godoro na zulia nene vilivyotumika ni makazi ya wadudu, na mnyama wako ndiye atakayeanza kuliwa.

Ninapoandika nina nyumba ya kupanga ya Dar es Salaam kichwani: sebule moja, vyumba viwili, sakafu ya vigae au saruji, madirisha yenye grili, na mwenye nyumba asiyependa kuta zake zitobolewe. Ukiwa Mombasa, Unguja au Nairobi badilisha majina ya masoko tu.

Hatua ya kwanza: mchunguze mnyama kabla ya kwenda sokoni

Kwa siku kadhaa, tazama. Paka analala wapi mchana, na akiamka ananyoosha kucha wapi? Mbwa anapita wapi akikimbilia mlango geti linapogongwa? Mkia wake unafika urefu gani? Mbwa mkubwa mwenye furaha hufagia meza ya chini kwa pigo moja, vikombe na yote. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, weka alama sehemu hizo, kisha pima: upana wa milango, urefu wa madirisha, nafasi ya kochi. Karatasi hiyo na futi ya kupimia viwe mfukoni kila unapokwenda sokoni, kwa sababu kabati zuri lisilopita mlangoni utalirudisha kwa nauli yako.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, mbwa haingii ndani kwa sababu ya unajisi wa mate yake, huku paka ana ruhusa ya kulala popote anapotaka. Kama nyumba yako ni ya namna hiyo, ramani ya mbwa ni ya baraza na ua, na mapambo ya huko yanataka vitu vinavyovumilia jua na mvua: benchi la chuma, mtungi, tairi. Usipoteze fedha kutafuta kitambaa cha kochi kisichoshika manyoya ya mbwa ambaye hatakalia kochi maisha yake yote.

Na kama una paka dume, mhasi kwanza. Dume asiyehasiwa hunyunyizia mkojo mapazia, miguu ya viti na pembe za kuta ili kuweka mipaka, na hakuna pambo linalostahimili harufu hiyo. Kuhasi hakumalizi tatizo kwa kila paka, lakini kwa wengi hulipunguza sana, hasa akihasiwa kabla hajaizoea tabia hiyo. Bajeti ya mapambo ianzie kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya pili: jua cha kununua na cha kukwepa

Nunua bila wasiwasi: viti na meza za mbao nzima, vitanda vya chuma, rafu, fremu za picha, vioo, masanduku ya bati na ya mbao, vyungu, vyombo vya chuma, taa. Nunua kwa uangalifu: mapazia, mashuka, mablanketi, nguo za jinzi, sweta nzito, vikapu. Acha kabisa: magodoro, makochi ambayo huwezi kuyavua kitambaa, mito ya sponji, mazulia ya manyoya marefu, na vitanda au brashi zilizotumiwa na wanyama wengine. Brashi na vitanda hivyo nimeviacha kwa sababu ya mapunye. Kuvu wa ugonjwa huo anaweza kukaa kwenye kitambaa au brashi kwa miezi mingi akisubiri ngozi, anahama kutoka kwa paka kwenda kwa mtoto, na kumwondoa ndani ya nyumba ni kazi ngumu.

Kwenye mbao kuna mtego mwingine. Kabati za mbao za unga, zile zilizobandikwa karatasi ya plastiki yenye michoro ya mbao, zikipata mkojo chini huvimba na kupasuka, na harufu haitoki tena. Tafuta mninga, mvule, mkongo au msaji. Meza ya mninga iliyopigwa vanishi mara tatu na wamiliki watatu bado ina maisha marefu kuliko mmiliki wa nne.

Kwa vitambaa, angalia ufumaji kuliko rangi. Paka huvutiwa na kitambaa chenye vitanzi au nyuzi zilizolegea kwa sababu kucha hunasa humo. Jinzi, turubai, na mahameli ya nywele fupi zilizobanana huwachosha haraka. Jaribu kwa ukucha wako: vuta kidogo juu ya kitambaa, na kama umenyanyua uzi, paka atanyanyua kumi. Ngozi bandia nayo nisingeinunua. Ukucha mmoja hutoboa, na joto letu la pwani humaliza kazi kwa kuibambua vipande vipande.

Kuhusu rangi, linganisha na mnyama. Paka mweusi juu ya kitambaa cha krimu ni kazi ya kila siku. Vitu vyenye maua na michoro mingi, kama vitenge na khanga, huficha manyoya ya rangi zote.

Hatua ya tatu: sokoni

Kwa Dar es Salaam, mapazia, mashuka na mablanketi utayapata Karume pale Ilala, soko lililoungua Januari 2022 na biashara ikarudi, au Tandika na Manzese. Samani ni Keko, ambako mafundi wanatengeneza vipya na kufufua vya zamani. Nairobi wana Gikomba na Toi, Mombasa wana Kongowea. Unguja kuna makontena ya vitu vya nyumbani vilivyotumika kutoka Ulaya na nchi za Ghuba. Usisahau wageni wanaomaliza mikataba na kuhama: Masaki na Oysterbay watu huuza nyumba nzima ya vitu ndani ya siku chache, na anayewahi ndege habishani sana juu ya bei. Muulize kama alikuwa na mnyama. Kama alikuwa naye, tumia pua kabla ya macho.

Robota la mitumba likifunguliwa asubuhi, anayechagua mwanzo analipa zaidi. Gikomba mzigo wa kwanza huo huitwa kamera, na mabaki ya mwisho ni fagia. Kwa mapazia ya sebuleni nenda asubuhi, kwa sababu unataka pande mbili zinazofanana na zisizo na doa. Kwa vitambaa vya kutandikia mbwa, nenda jioni na uchukue fagia. Mbwa hajali kama shuka lina chapa ya hoteli.

Kagua samani hivi. Igeuze juu chini; muuzaji atanuna, mwache. Washa tochi ya simu na uangalie kwenye maungio, matundu ya skrubu na chini ya kiti. Vidoti vyeusi vilivyoganda, maganda membamba ya rangi ya kahawia au mayai meupe madogo ni kunguni: ondoka. Matundu madogo ya mviringo yenye unga mpya unaomwagika ukigonga ni bungua, naye yumo ndani bado anakula. Matundu ya zamani yasiyo na unga si tatizo kubwa, na ni hoja nzuri ya bei: “Kaka, mguu huu umebunguliwa, nitajie bei ya kuni.” Atacheka, kisha atashusha.

Shika kiti kwa mikono miwili na ukitikise kwa mshazari. Kinacholia kwenye maungio ya ulimi na tundu hurekebishwa kwa gundi. Kilichoshikiliwa kwa misumari tu kitaendelea kulia mpaka kivunjike.

Kisha nusa, hasa chini ya miguu na nyuma. Mkojo wa paka uliokauka hulala kimya wakati wa kiangazi na kuamka masika hewa ikiwa na unyevu. Kibaya zaidi, paka wako ataisoma harufu hiyo kama mpaka wa mwenzake na kukojoa juu yake ili kuifuta. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti huonyesha madoa ya mkojo yaking'aa kwenye giza. Ni kifaa cha bei ndogo, na ukiwa na wanyama utakitumia nyumbani mara nyingi kuliko sokoni.

Kabla ya kukubali bei, jumlisha: bei ya kitu, usafiri wa guta la magurudumu matatu au pikapu ndogo ya kirikuu, fundi, na kitambaa. Jumla ikizidi nusu ya bei ya kipya cha mbao nzima pale Keko, mimi huacha, labda kiwe kitu ambacho siku hizi hakitengenezwi. Kwa bidhaa ndogo usijisumbue na hesabu. Fremu za picha nunua zote unazozipenda.

Hatua ya nne: karantini

Hii ndiyo hatua ambayo watu huruka kwa sababu wana hamu ya kuona kitu kimekaa sebuleni. Ndiyo pia inayoamua kama mpango wote ulikuwa wa nafuu. Kununua kiti kwa bei ya chakula cha mchana kisha kulipia upulizaji wa nyumba nzima si nafuu.

Samani zibaki barazani au uani, juu ya karatasi ya nailoni, mbali na ukuta, kwa wiki mbili. Muda huo una sababu: mayai ya kunguni huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili kwenye joto, kwa hiyo ukikagua siku ya kwanza na tena mwisho wa wiki ya pili utawaona waliokuwa mayai ulipokuwa unalipa. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, hivyo kusubiri peke yake hakumuui. Joto ndilo linalomuua. Mwaga maji yaliyochemka taratibu kwenye maungio ya mbao na chuma, kausha juani, rudia. Rangi au vanishi ya zamani itaharibika, lakini utaipiga msasa hata hivyo.

Vitambaa vitoke sokoni vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na vifunguliwe juu ya beseni, si juu ya kitanda. Mashine ya kufulia iweke kwenye nyuzi 60 za selsiasi. Usipokuwa nayo, loweka kwenye maji yaliyotoka kuchemka mpaka yapoe, fua kwa sabuni, anika juani, kisha piga pasi ya moto kwenye mishono na upindo, maana huko ndiko mayai hujificha. Sufu haivumilii maji ya moto, itasinyaa. Blanketi la sufu lifunge kwenye mfuko, ulilaze ndani ya friza kwa siku nne au tano kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha ulifue kwa maji ya kawaida.

Viroboto wana ujanja wao. Wale unaowaona kwenye manyoya ya mbwa ni sehemu ndogo tu; mayai na funza wanaotoka humo wako sakafuni, na waliojifunga kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja kwa miezi mpaka wahisi mtikisiko wa hatua. Ndiyo maana nyumba iliyokaa tupu hulipuka viroboto siku unayohamia, na ndiyo maana zulia nene lililotumika silitaki hata la bure. Kupe wa mbwa naye hupanda kuta na kutaga kwenye nyufa. Kiti kilichotoka kwenye banda la mbwa kisafishwe nyufa zake kwa brashi ngumu na maji ya moto kabla hakijasogezwa popote.

Sasa dawa. Hapa wanyama wengi hufa kwa mikono ya watu wanaowapenda. Dawa nyingi za kupuliza za wadudu na dawa za viroboto za mbwa zina permethrini. Mbwa huivumilia, ini la paka haliwezi kuivunja, na dozi ya mbwa inaweza kumuua kwa mitetemeko ndani ya saa chache. Soma kibandiko kabla ya kupuliza kochi atakalolalia paka. Mafuta ya taa, ambayo wazee walipaka vitandani dhidi ya kunguni, hayafai kwa nyumba yenye paka: atakanyaga, atajilamba miguu, ataumwa mapafu. Oili chafu inayopakwa miguu ya samani dhidi ya mchwa ni vivyo hivyo. Zile tembe nyeupe za kabatini zinazofukuza nondo ni sumu kwa wote wawili. Na dawa za kusafishia zinazogeuka maziwa ukizitia majini zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo paka hawezi kuzimudu. Kwa sakafu yake tumia sabuni ya kawaida.

Hatua ya tano: mbao

Piga msasa ukiwa nje, mnyama akiwa amefungiwa ndani. Kama rangi ni ya zamani sana na imekaa tabaka juu ya tabaka, chukulia kwamba ina madini ya risasi. Lowesha uso wake, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na ukusanye tope lote kwa kitambaa cha kutupa. Vumbi lililobaki uani mbwa atalilamba kutoka kwenye makucha yake, na mtoto pia.

Vanishi ya maji hukauka haraka na harufu yake haikai. Ya mafuta ni imara zaidi dhidi ya kucha za mbwa, ila inataka siku kadhaa nje mpaka harufu iishe kabisa. Kwa meza na viti nachagua ya mafuta. Kwa rafu za ukutani za paka kupandia nachagua ya maji. Miguu ya viti, urefu wa kiganja kutoka chini, ipake mara mbili zaidi ya sehemu nyingine. Huko ndiko mikojo na maji ya deki hufika.

Hatua ya sita: kochi

Kwa mfugaji, kochi bora ni lile la fremu ya mbao lenye mito ya kuondoa, ambalo nyumba nyingi zilikuwa nalo kabla ya yale manene ya kuvimba kuingia. Hakuna mkono wa kitambaa wa kukwaruza, na chini yake pako wazi unapitisha fagio. Ukipata fremu nzima, umemaliza nusu ya sebule.

Mito mipya chonga kwa sponji jipya, la uzito mkubwa. Jepesi hulala chini ya mbwa ndani ya miezi michache. Mwambie fundi atie zipu ndefu upande mmoja ili kava litoke bila kugombana nalo, na akate seti mbili za kava tangu mwanzo. Moja iko kwenye kochi, nyingine kwenye kamba. Kitambaa chake si lazima kinunuliwe kwa yadi: mapazia mazito ya mitumba ya Ulaya ni mapana na yana bitana, na pande mbili hutosha mito mingi. Suruali za jinzi zilizochanwa na kuungwa vipande vipande hutoa kava ambalo sijaona paka akilishinda.

Kama umelazimika kuchukua kochi la kuvaliwa kitambaa, livue mpaka mbao, ukague fremu, na sponji la zamani lisiingie getini kabisa. Chini pigilia kitambaa kigumu, maana paka hupenda kuchana bitana ya chini na kujitengenezea kitanda ndani.

Vitambaa vya kroshia vinavyowekwa juu ya makochi ni suala la diplomasia. Shangazi amevisuka kwa mkono, na kila kitanzi chake ni mwaliko kwa kucha. Viweke kwenye fremu yenye kioo na uvitundike ukutani. Vitaonekana vizuri zaidi, vitadumu, na shangazi akija atakuta kazi yake imepewa heshima ya picha.

Hatua ya saba: madirisha

Pazia lisiguse sakafu. Liishie vidole viwili juu yake, na hapo halifagii manyoya wala halimwiti paka mdogo apande. Mapazia ya mitumba mara nyingi ni marefu kuliko madirisha yetu; kipande unachokata ni cha mto. Fimbo ifungwe kwa skrubu ndefu, si misumari, kwa sababu siku moja kuna atakayejaribu kupanda. Kamba za kuvutia pazia zifungwe juu. Paka mdogo anaweza kunyongwa nazo.

Wavu laini wa mbu paka huupasua kwa kuegemea tu. Weka wa alumini angalau kwenye dirisha analopenda, kisha mpe kiti cha kukaa hapo: stuli iliyotumika yenye urefu wa kizingiti, mto mdogo juu. Paka mwenye mahali pa kuchungulia mtaa hana haja ya kupanda pazia.

Sakafuni sina mengi. Mkeka wa ukili unapendeza na hauna manyoya ya kufugia viroboto, lakini paka wengine huukwaruza. Nunua mmoja mdogo ujaribu. Mazulia membamba ya pamba yanayoingia kwenye beseni yanafaa. Usitandike chochote usichoweza kukibeba mwenyewe kikiwa kimelowa.

Hatua ya nane: kuta

Kuta ndizo zinazokubali mapambo mengi kwa usalama, kwa kuwa ziko juu ya mikia. Fremu za mitumba za ukubwa tofauti zipake rangi moja na zitaonekana za familia moja. Ndani yake weka kipande cha khanga chenye jina lake, picha za ukoo, kurasa za kalenda ya zamani. Nyungo na vikapu vya ukindu hupamba ukuta mzima kwa msumari mmoja mmoja, jambo ambalo mwenye nyumba atalivumilia.

Rafu za paka ni hadithi nyingine, zinahitaji kutobolewa kwa drili na vipachiko imara ukutani. Omba ruhusa kwanza. Droo za kabati lililovunjika, zikifungwa ukutani kwa ngazi ngazi, ni rafu nzuri: kuta zake fupi humzuia paka asiteleze. Kila moja ibebe uzito wake mara kadhaa, kwa sababu anatua kwa kuruka, hawekwi. Ukinyimwa ruhusa, tumia rafu ndefu ya chuma ya dukani iliyotumika, iegemeze kwenye kona, na uifunge juu kwenye grili ya dirisha isianguke.

Hatua ya tisa: vitu vyake mwenyewe

Nguzo ya kucha ndiyo bima ya kochi lako. Chukua mguu wa meza nene au kipande cha nguzo, kipigilie kwenye ubao mpana na mzito, kisha uzungushie kamba ya katani bila kuacha nafasi, ukipaka gundi ya maji kadiri unavyopanda. Katani ni zao letu tangu 1893, Tanga imejaa, na kamba yake ni rahisi na ngumu kiasi kinachompendeza paka. Urefu uzidi sentimita 80 ili ajinyooshe mwili mzima, na isitikisike hata kidogo. Ikitikisika mara moja atarudi kwenye kochi. Iweke karibu na anapolala au mbele ya pembe ya kochi anayoikwaruza. Kuificha nyuma ya mlango ni kutupa kamba.

Kwa mbwa, tairi la gari lililooshwa na kupakwa rangi, lenye mto wa gunia lililojazwa sweta za fagia, hudumu miaka. Kata vifungo na zipu zote kabla ya kujaza, kwani mbwa mtafunaji atavimeza. Vyombo vya kulia viwe vya chuma cha pua. Plastiki ikikwaruzwa huhifadhi uchafu.

Mimea, udi na mishumaa

Mimea ni pambo la bei ndogo kuliko yote, na baadhi ni sumu. Maua ya lili, hata chavua yake iliyoanguka kwenye manyoya, huua figo za paka. Oleanda na ule mti mdogo wa saikadi wenye majani magumu kama minazi mifupi havifai kwenye ua wenye mbwa mtafunaji. Mshubiri una dawa kwa binadamu lakini humtapisha na kumharisha mnyama, na mmea ule wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, unaowekwa kwenye chupa ya maji, huwasha mdomo. Mitende midogo ya areka na mmea ule wenye majani membamba yenye mstari mweupe unaoning'iniza vichipukizi ni salama. Vyungu vyake viwe vizito. Juu ya udongo panga kokoto, la sivyo paka atakuwa na choo kipya.

Chetezo cha udi kiwe juu ya rafu ambayo paka haifikii, madirisha wazi. Mafuta ya kunukia ya kuchomwa yaache. Mengi ni mabaya kwa paka hata kwa kugusa.

Kutunza

Manyoya kwenye kochi huondoka kwa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo iliyoloweshwa kidogo: pitisha upande mmoja, yatajiviringisha. Mkojo ukimwagika, usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu inanukia kama mkojo na itamrudisha, na usichanganye dawa ya klorini juu ya mkojo, mvuke wake ni hatari. Nyonya kwa kitambaa, suuza kwa maji, mwaga siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kausha, kisha nyunyiza baikaboneti ya kuokea na uifagie kesho yake. Maji ya moto sana kwenye mkojo wa kitambaa hapana. Yanaweza kuishika harufu humo.

Kava na matandiko ya wanyama yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki kipindi cha viroboto, na mnyama mwenyewe apewe dawa inayomfaa siku hizohizo, la sivyo mmoja atamwambukiza mwingine. Kila mwezi kaza skrubu za rafu na fimbo za mapazia. Kamba ya nguzo ikichakaa, usiivue yote. Acha mizunguko michache ya zamani yenye harufu yake na ufunge mpya juu na chini yake, vinginevyo paka ataiona nguzo kama kitu kigeni na kuanza kutafuta pengine.